Pumzi ya nani hii?

Mwaka 2020, korona ilipoingia, kwenye saluni ninayonyolea, paliwekwa ndoo ya bluu yenye bomba juu ya kigoda mlangoni, na pembeni chupa ya sabuni iliyoongezwa maji mpaka ikabaki harufu tu. Hukanyagi kizingiti kabla hujanawa. Kijana aliyesimamia ndoo alikuwa mkali kuliko mlinzi wa benki. Ukishanawa unaingia kwenye chumba cha hatua nne kwa tano, mlango unafungwa nyuma yako ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Dirisha lilikuwa limezibwa na bango la mitindo ya nywele. Viti vitatu vya kunyolea, watu wanane kwenye benchi wanasubiri zamu, muziki uko juu, na kila mwenye neno anapaza sauti ili asikike. Kinyozi anakuinamia, anakuuliza habari za mechi ya jana, pumzi yake inakupiga kwenye paji la uso. Dakika arobaini. Ukitoka, unanawa tena.

Nilinawa kweli kweli, na sina ugomvi na ndoo. Ila ilinichukua miezi kadhaa kujiuliza jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yangu, tena si kwa mfano: mikono nimeisafisha, na ile hewa je?

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa amenitangulia. Alinipigia simu siku za mwanzo kabisa akauliza, "Sasa mwanangu, hiki kidudu kinaruka au kinadondoka?" Nikamjibu kwa kujiamini, kama nilivyokuwa nimesikia redioni, kwamba kinadondoka. Mgonjwa akikohoa, matone yanamtoka na kuanguka chini ndani ya mita moja au mbili. Yakitua mezani, ukayagusa kisha ukajipangusa pua, umeupata. Jibu hilo lilikuwa nusu tu, tena nusu ndogo.

Nitakisemea zaidi kirusi cha korona kwa sababu ndicho kilichochunguzwa kwa karibu mno miaka hii. Lakini mengi yanahusu pia homa ya mafua, surua na virusi vingine vinavyokaa kwenye pua, koo na mapafu. Panapotofautiana nitasema.

Kinachotoka mdomoni

Asubuhi jua likipenya kwenye upenyo wa mlango, msimamishe mtoto pembeni ya ule mstari wa mwanga, umwambie asome shairi kwa sauti. Utaona chembe za mate zikirukaruka. Hizo unazoziona ndizo kubwa. Zilizo nyingi huzioni.

Ukubwa wa chembe hizi hupimwa kwa mikromita. Milimita moja ina mikromita 1,000, na unywele wa kichwani una unene wa kama mikromita 70. Tone la mikromita 100 likimtoka mtu mzima aliyesimama hufika sakafuni kwa sekunde 5 hivi. La mikromita 5 huchukua kama nusu saa. La mikromita 1 linaweza kuelea saa 12, na hiyo ni endapo hewa imetulia tuli. Chumba chenye watu hakina hewa ya namna hiyo, kwa kuwa joto la miili, feni na mlango unaofunguliwa na kufungwa huinua chembe tena na tena. Kirusi chenyewe cha korona kina upana wa mikromita 0.1 tu, kwa hiyo hata chembe ndogo kabisa ina nafasi ya kukipakia.

Tena si lazima mtu akohoe. Kupumua tu kunatoa chembe, kuongea kunatoa zaidi, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo zinavyoongezeka. Anayeimba huzimwaga kwa wingi zaidi. Ndiyo maana swali la "mbona hakuwa anakohoa?" halina uzito ambao watu huupa.

Shangazi hufukiza udi kila Alhamisi jioni, nami nilipomrudia na jibu lililonyooka nilianzia hapo hapo. Ukikaa karibu na chetezo, moshi unakuingia machoni. Ukiwa upande wa pili wa sebule, unasikia harufu tu. Madirisha yakifungwa, baada ya muda hata aliye chumba cha mwisho anajua kuna udi umewashwa. Lakini toa chetezo hicho hicho uani, kiweke chini ya mwembe, na mtu aliyesimama hatua tatu kule upepo unakotoka hasikii kitu. Pumzi ya mgonjwa huenda hivyo hivyo.

Mfano huo unafungua fundo lililowakwaza hata wataalamu. Kwa miaka mingi hoja ilikuwa hii: wanaoambukizwa zaidi ni walio karibu na mgonjwa, kwa hiyo ugonjwa unabebwa na matone mazito yanayoanguka karibu. Lakini udi nao ni mkali zaidi karibu na chetezo, na hakuna anayesema udi hudondoka. Kuwa karibu kunakupa pumzi nzito ya mtu kabla haijachanganyika na hewa nyingine. Ni hatari kweli. Haina maana kwamba ukirudi nyuma mita mbili ndani ya chumba kilichofungwa umetoka kwenye hatari.

Kosa la mikromita 5

Huenda unajiuliza iweje dunia yenye vyuo vikuu vyote hivi ishindwe kujua jambo ambalo shangazi alilielewa kwa chetezo. Kisa chake ni kirefu, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu ndicho kilichotufanya tusugue meza huku tumefunga madirisha.

Zamani za mababu zao, watu wa Ulaya waliamini kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu, ile inayonuka kutoka kwenye madimbwi na jalala. Vijidudu vilipogunduliwa, madaktari walitaka kuizika kabisa imani hiyo. Mmarekani Charles Chapin, mkuu wa afya wa mji wa Providence, alishikilia mwaka 1910 kwamba magonjwa mengi hupita kwa kugusana na kwa matone ya karibu, na kwamba kuwaambia watu ugonjwa uko hewani kutawafanya wakate tamaa ya kunawa. Alikuwa na nia njema, na ushawishi wake ulidumu karibu karne nzima.

Miaka ya 1930, mhandisi William Wells akafanya hesabu za matone yanayokauka kabla hayajafika chini. Mpaka alioupata kati ya yanayoanguka na yanayoelea ulikuwa kwenye mikromita 100 hivi. Alisikilizwa na wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanafunzi wake Richard Riley akasaidia kujenga kitu cha ajabu juu ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Baltimore: vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, ambao hewa pekee waliyovuta ilitoka kwenye wodi ya chini. Hawakumgusa mgonjwa, wala mgonjwa hakuwakoholea. Simbilisi wakaugua kifua kikuu. Kundi jingine lililopewa hewa hiyo hiyo, baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana unaoua vijidudu, halikuugua.

Basi kifua kikuu kikakubaliwa kwamba kiko hewani. Lakini hapo ndipo namba zilipochanganywa. Ili kifua kikuu kikushike, bakteria wake wafike chini kabisa kwenye vifuko vya mapafu, na chembe zinazofika huko ni zile zilizo chini ya mikromita 5. Namba hiyo ya kina cha mapafu ikachukuliwa kimakosa kuwa ndiyo mpaka wa kuelea. Vitabu vikaandika kwamba chembe yoyote iliyozidi mikromita 5 huanguka, na kila aliyefuata akanukuu vitabu. Waliofukua kosa hilo ni kundi la watafiti wakati korona ikiwa imepamba moto, akiwemo Linsey Marr, mtaalamu wa hewa wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, waliorudi kwenye maandiko ya miaka themanini nyuma na kukuta Wells hakusema hivyo.

Wakati huo tayari Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mitandaoni, tarehe 28 Machi 2020, kwamba ni ukweli kuwa korona haisambai kwa hewa. Julai mwaka huo wanasayansi 239, wakiongozwa na Lidia Morawska wa Australia na Donald Milton wa Marekani, walitoa barua ya wazi kuomba hewa itazamwe upya. Shirika lilisogea polepole, neno kwa neno. Ilipofika Aprili 2024 likatoa istilahi mpya zilizoachana na ule ukuta kati ya tone linaloanguka na erosoli, yaani chembe ndogo inayoelea. Sasa zote ni chembe za kuambukiza zitokanazo na upumuaji, kubwa na ndogo, na zote husafiri hewani. Miaka minne ni mingi, na kwa muda mrefu ndani yake ndoo zilikuwa mlangoni na bango liko dirishani.

Kwaya, hoteli na ndege iliyokwama

Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya Mount Vernon, jimbo la Washington, ilikutana kwa mazoezi. Walikuwa watu 61. Walishasikia habari za korona, wakaleta vitakasa mikono na kuacha kukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliimba na kupumzika kwa saa mbili na nusu. Kati ya wale 61, waliougua au kudhaniwa kuugua, pamoja na yule wa kwanza, walifika 53. Wawili walifariki dunia.

Kwetu huku kila mtaa una kwaya, kwa hiyo picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Mtu mmoja hawezi kugusa pua za watu hamsini kwa jioni moja, wala mate yake hayawezi kuruka kuwafikia wote, na ninyi mlioimba mnajua mpangilio wa sauti ya kwanza hadi ya nne ulivyo. Walichoshiriki wote ni hewa ya ukumbi, na waimbaji huivuta kwa nguvu hadi tumboni.

Kisa cha pili ni cha Guangzhou, China, tarehe 24 Januari 2020, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina. Familia iliyotoka Wuhan ilikula mchana kwenye hoteli ya chakula isiyo na madirisha. Baadaye watu 10 wa familia tatu, waliokaa meza tatu zilizofuatana, walikutwa na korona. Wateja wengine 73 wa ghorofa hiyo hawakuambukizwa, wala wahudumu wanane waliopita huku na huku wakiondoa vyombo. Zile meza tatu zilikuwa kwenye njia moja ya upepo wa kiyoyozi kilichokuwa kikizungusha hewa ile ile, na feni za kutolea hewa nje zilikuwa zimezimwa.

Na kuna kile cha zamani zaidi, cha Alaska mwaka 1977. Ndege yenye watu 54 iliharibika injini ikakaa chini kama saa tatu, mtambo wa kubadilisha hewa ukiwa umezimwa, na ndani mna abiria mmoja mwenye homa ya mafua. Ndani ya siku tatu, asilimia 72 ya abiria walikuwa wanaumwa. Ndege inayoruka, mitambo yake ikifanya kazi, hubadilisha na kuchuja hewa vizuri kuliko ofisi nyingi. Ubaya uko pale inapokaa imezimwa na watu wakiwa ndani.

Kwa hiyo vitasa na noti ni salama?

Kwa korona, vilitupotezea muda mwingi. Kule mwanzo vipimo vya maabara vilionyesha kirusi kinaweza kukutwa kwenye plastiki hata baada ya saa 72, na watu wakaanza kufua noti. Lakini kirusi kupatikana kwenye kitu ni jambo moja, na kuwepo kwa kiasi cha kukuambukiza ni jambo jingine. Aprili 2021, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba kila unapogusa sehemu yenye kirusi, uwezekano wa kuambukizwa kwa jumla ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Usiitupe ndoo, hata hivyo. Kipindupindu na kuhara vinapita mikononi, na yapo mafua ya watoto ambayo mikono nayo huyabeba. Mtoto mwenye makamasi akikushika uso, nawa.

"Nililala naye kitanda kimoja, sikuupata"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na mara nyingi mwulizaji huwa ameshahitimisha kwamba ugonjwa ni uzushi. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa janga, kati ya watu waliokaa nyumba moja na mgonjwa, kwa wastani walioambukizwa hawakufika hata mmoja kati ya watano. Baadaye aina ya Omicron ikaja na kuwazoa wengi zaidi. Lakini hutokea kweli kwamba mke wa mgonjwa anasalimika, na mfanyakazi aliyekaa na mgonjwa huyo ofisini nusu siku anaupata.

Wagonjwa hawalingani. Kwa korona ya mwanzo ilikadiriwa kwamba asilimia 10 hadi 20 ya walioambukizwa ndio waliosababisha karibu asilimia 80 ya maambukizi yaliyofuata. Wengi hawakumpa mtu yeyote. Mmoja akakutana na ukumbi uliofungwa, siku yake mbaya zaidi, akiwa anahutubia, akawapa hamsini. Hiyo siku ina uzito. Kirusi hujazana kooni kwa kishindo karibu na siku dalili zinapoanza, hata siku moja au mbili kabla yake, kisha hupungua. Mke aliyemuuguza mumewe tangu siku ya tano ya homa, dirisha wazi kwa sababu ya joto, huenda alikutana na pumzi nyepesi kuliko yule wa ofisini aliyekaa naye Jumatatu akiwa bado mzima kama chuma.

Homa ya mafua nayo huanza kuambukiza kama siku moja kabla ya dalili. Surua ni zaidi, kwani mtoto huambukiza siku nne kabla vipele havijatokea, wakati mama anadhani ni mafua tu na anampeleka shule.

Surua

Ukitaka kujua maana ya kirusi cha hewani, iangalie surua. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja wa surua anakadiriwa kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Korona ya mwanzo ilikuwa 2 au 3. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Mwaka 1981, jimbo la Georgia, Marekani, mvulana wa miaka 12 mwenye surua na kikohozi alikaa saa moja kwenye kliniki ya watoto. Watu saba waliambukizwa hapo. Watatu kati yao hawakuwahi kuwa chumba kimoja naye, na mmoja alifika saa nzima baada ya yeye kuondoka. Sasa fikiria foleni ya kliniki zetu, kina mama wamebanana kwenye benchi na watoto mapajani. Mtoto wa kule mwisho hana haja ya kumwona mgonjwa.

Kwa surua hatutegemei madirisha peke yake. Ipo chanjo, Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, na ili ugonjwa ukose njia inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Ile ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau, mtoto akiwa anatembea na anaonekana mzima.

Tundu la barakoa na wavu wa samaki

"Kirusi ni kidogo kuliko matundu ya barakoa, sasa inazuia nini?" Hoja hii inapendwa sana vijiweni, na inasikika kama ya mtu mwerevu. Ingekuwa sahihi kama barakoa ingefanya kazi kama wavu, samaki mdogo anapita na mkubwa ananasa. Sivyo ilivyo. Kwanza, kirusi hakisafiri uchi, kimo ndani ya chembe ya mate au kamasi ambayo ni kubwa kuliko chenyewe. Pili, ndani ya barakoa nzuri mna msitu wa nyuzi zilizosokotana. Chembe kubwa hushindwa kukata kona zikajigonga kwenye nyuzi. Zile ndogo mno hutetemeka huku na huku kwa kusukumwa na hewa, kama mlevi kichochoroni, mpaka ziguse ukuta na kunata. Zinazopenya kwa urahisi zaidi ni za katikati, za mikromita 0.3 hivi, na ndiyo sababu barakoa za N95, zile zinazobana uso, hupimwa kwa ukubwa huo, ambapo hutakiwa kunasa asilimia 95 au zaidi. Nyuzi zake pia zina chaji ya umeme inayovuta chembe.

Tatizo la barakoa nyingi tulizovaa lilikuwa pembeni. Ukivaa miwani na miwani ikaingia ukungu, hewa inapita juu bila kuchujwa. Kitambaa kilicholegea ni bora kuliko kutovaa, lakini si kwa kiasi tulichoambiana. Barakoa ya kidevuni sina la kusema juu yake.

Baridi, mvua na nyungu

Baridi haizai kirusi. Ukinyeshewa peke yako jangwani hupati mafua. Ila Julai Nairobi, au wakati wa masika Dar es Salaam, watu hufunga madirisha na kukaa pamoja ndani, na hilo linatosha. Ulaya na Marekani homa ya mafua ina msimu wake wa baridi. Kwetu huzunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka.

Kujifukiza kunalainisha makamasi na kumpa mgonjwa nafuu ya kupumua, nami sitamkataza mtu mchaichai wake. Lakini kirusi kikishaingia kimo ndani ya chembe hai za mwili wako, na joto la kukiua humo lingekupika wewe kwanza. Na nyungu ina utani wake mchungu. Nimewahi kuona familia ya watu wanne wameingia chini ya blanketi moja, sufuria katikati, wanavuta hewa kwa nguvu. Kama mmoja wao alikuwa anaumwa, sijui ni mahali gani pengine pangewafaa wengine watatu kuupata kwa urahisi zaidi.

Dirisha

Mtu mzima aliyekaa tu hupumua kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Ukitaka kujua kiasi gani cha hewa hiyo kimetoka kwa wenzako, kipo kipimo rahisi: hewa ya ukaa, ile tunayoitoa kila tukipumua. Nje, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 420 hivi ni hewa ya ukaa. Ndani ya pumzi itokayo mdomoni zinafika kama 40,000. Chumba kikisoma 1,200, maana yake karibu asilimia 2 ya hewa ya humo imeshapita kwenye mapafu ya mtu. Kila pumzi ya hamsini ni ya mwenzako. Na 1,200 bado ni hewa ya heshima, kwani darasa lililojaa na kufungwa hupita hapo upesi.

Watafiti waliopima wodi za hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta jambo lililonifurahisha. Vyumba vya majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, vikifunguliwa vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa. Vyumba vya kisasa vilivyotegemea madirisha vilifika 17. Na vyenye mitambo ya kuingiza hewa vilikuwa 12. Bibi na babu zetu wa mwambao hawakuwa na kipimo, lakini nenda Mji Mkongwe Unguja au mitaa ya kale ya Mombasa uone walivyojenga. Dari iko juu, juu ya mlango mna upenyo, na madirisha yanatazamana ili kaskazi iingie huku itokee kule, na kusi ikigeuka ifanye vivyo hivyo. Walikuwa wanakimbia joto tu. Sisi tumeshusha dari kwa jipsamu, tukaziba upenyo, tukafunga kiyoyozi cha ukutani ambacho hakileti hewa ya nje hata kidogo. Huchukua hewa ya chumbani, huipoza, huirudisha. Pangaboi nalo peke yake linakoroga tu. Liwe na dirisha wazi ndipo linasaidia kusukuma hewa nje.

Mwaka 2020 Kenya iliamuru matatu za abiria 14 zibebe 8. Ilikuwa hatua ya maana, kwani vinywa vilipungua. Lakini nimepanda daladala ya jioni mvua ikianza, na namna madirisha yanavyofungwa, pa pa pa pa, kuanzia mbele mpaka nyuma, kabla hata tone halijaingia! Vioo vinaingia ukungu. Ule ukungu ni pumzi zetu. Kioo kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma vikiachwa wazi kwa upana wa vidole vitatu, gari likiwa linatembea, hewa inabadilika. Anayelowa ni mmoja, ndio, na ugomvi wake na konda ninaujua.

Shangazi alisikiliza yote haya akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo kinaruka." Ndiyo, Shangazi, kinaruka.

Saluni yangu bado ipo. Ndoo iliondoka zamani, kigoda sasa kinakaliwa na spika. Nilimwomba kinyozi abandue lile bango, akaniambia wateja wanataka ubaridi na jua la saa nane linaingia pale. Hatukugombana. Siku hizi naenda saa mbili asubuhi, kijana akiwa anafagia na mlango umezuiliwa na tofali, kabla hajawasha kiyoyozi.